Mnyapara Naye Aseme

Waliosoma shule za msingi miaka ya 1970 na 1980 wanaijua ngonjera, hata kama beti zimewatoka kichwani. Wawili wanasimama mbele ya wenzao: mmoja hajui, mwingine anajua. Asiyejua anabisha kidogo, halafu anakubali, watu wanapiga makofi. Ngonjera za Ukuta za Mathias Mnyampala zilitoka katika vitabu viwili, mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshafariki, na chama cha washairi, UKUTA, kikaitumia sanaa hiyo kulieneza Azimio la Arusha la 1967. Simlaumu marehemu, kazi aliyoikusudia aliifanya. Lakini hapana budi tukiri kwamba asiyejua wa ngonjera huletwa jukwaani ili ashindwe. Hana mama, hana deni, hana sababu.

Nadai katika makala haya kwamba dawa ya kasoro hiyo ilikuwapo mapema, ila sisi wanafunzi wa sanaa za maonyesho tuliipita mbio. Mwaka 1976 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliyekuwa amemaliza udaktari wake Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, mwaka 1975, alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi katika kitabu kimoja. Hizi ni tamthilia za mtu mmoja. Msimulizi anasimama peke yake kama mtambaji wa hadithi, na sauti zote zinapita katika koo lake. Wahakiki wengi wamezisoma kama mafumbo kuhusu siasa ya baada ya Uhuru, na sibishi. Lakini kwa mwigizaji kijana kuna jambo la kiutendaji zaidi: jukwaani hana mwenzake wa kumsukumia ubaya. Kila aliyemo ni yeye.

Hilo sikuliona darasani Mlimani. Nililiona Temeke, kwenye kikundi cha maigizo cha sekondari moja nilikopangiwa mazoezi ya kufundisha. Tulikuwa tunaandaa Kinjeketile, tamthilia ya Hussein ya 1969. Wavulana wote walitaka kuwa Kinjeketile. Mnyapara hakuna aliyemtaka. Basi nikaazima kwa Hussein mwenyewe: kila mmoja aandae usemi wa peke yake wa muhusika anayemchukia, dakika tatu, kwa nafsi ya kwanza. Asimtetee, asimshitaki.

Mnyapara akamwangukia binti mmoja wa kidato cha tatu, mkazi wa Mbagala. Akakataa katakata. "Mwalimu, shikamoo yako naijua, lakini bibi yangu ni wa Utete. Mimi siwezi kuwa huyu."

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Lakini Barabara ya Kilwa inayopita Mbagala ndiyo hiyo hiyo inayoshuka Rufiji, na watu wengi wa kule walipandia humo kuja mjini. Kwa mtoto wa hapo Vita vya Maji Maji si mada ya mtihani tu. Nikamweleza historia kidogo: mwaka 1902 gavana Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya jumuiya, watu wakalazimishwa kulima humo takriban siku 28 kwa mwaka, malipo yakiwa duni mno. Juu walikuwapo maafisa wa Kijerumani, chini yao maakida na majumbe, na huko shambani kabisa, mtu mwenye kiboko.

Alirudi baada ya wiki. Akakalia kreti la soda, akaanza kuhesabu watu kwa vidole, kimya kimya. Kisha: "Wamekuja kumi na tisa. Nikipeleka kumi na tisa, wa ishirini ni mimi." Akainuka, akashika fimbo. Mvulana mmoja nyuma akasema, "Kumbe naye anaogopa!"

Mwenzangu niliyekuwa naye mazoezini alikasirika. Tulibishana ndani ya daladala mpaka Ubungo, abiria wakitutazama. Alisema ati tumemsafisha mnyonyaji, na kwamba fasihi isiyochagua upande imeshachagua. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo, yule binti hakuiacha fimbo. Hadhira iliona woga na fimbo katika mkono mmoja, na hapo ukoloni ukaonekana jinsi ulivyofanya kazi, kuliko mnyapara anayeguna na kutumbua macho. Zaidi ya hapo, bila kubadili hata khanga, alikaa tena kwenye kreti akawa Bibi Kitunda. Mgongo ule ule ulioinua fimbo sasa ukainama.

Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Mlimani, Penina Mlama akiwa mmoja wao, walianzisha TUSEME katika shule za sekondari, wasichana waseme yanayowakwaza wao wenyewe. Ile ni kazi kubwa, na sisi hatukuwa tunashindana nayo. Pale msichana anasema lake. Huku tulimtaka aseme la mtu ambaye asingependa hata kusalimiana naye.

Mazoezi yaliyofuata, yule mvulana wa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, na Bwana Kinoo je? Naye ana mama?"

Kabla sijajibu, binti wa Mbagala alimsogezea kreti.

"Njoo ukae wewe."