Hadithi na Habari katika Sanduku Moja: Msomaji wa Nathari ya Kiswahili, 1929–1960

Ilipoundwa East African Literature Bureau mwaka wa 1948, chini ya uongozi wa Charles Richards, haikupewa kazi ya kuchapisha vitabu tu, bali pia ya kuvifikisha kwa wasomaji. Mojawapo ya njia zilizotumiwa ilikuwa ya masanduku. Vitabu vilitiwa sandukuni, sanduku likapelekwa shuleni au katika ukumbi wa jamii, wenyeji wakaazima, na baada ya muda sanduku likabadilishwa. Wasomaji wengine waliletewa vitabu kwa posta. Mpango huu hautajwi sana katika maandishi ya historia ya fasihi ya Kiswahili, wala si ajabu, kwani wanahistoria wa fasihi wamezoea kumfuata mwandishi na kumwacha msomaji. Msomaji naye hakuwa na mtaala. Alisoma alichokipata, na nathari ya Kiswahili aliyoweza kuipata katika miaka ile ilikuwa mchanganyiko wa ngano, tafsiri, wasifu, safari na historia za makabila.

Yafaa ikumbukwe kuwa mchanganyiko huo haukuwa mgeni kwa lugha yenyewe. Neno hadithi, kwa Mwislamu wa pwani, lilitaja kwanza mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume, ambayo ukweli wake hupimwa kwa mlolongo wa wapokezi. Papo hapo neno hilohilo lilitaja ngano za sungura na fisi. Riwaya, kabla ya kutwaliwa na wahakiki kwa maana ya utungo mrefu wa kubuni, lilikuwa na maana ya asili ya masimulizi yaliyopokewa kwa mwingine. Tarikh ya Pate ina orodha ya masultani na miaka ya tawala zao, lakini pia ina visa ambavyo mwanahistoria wa leo angevisita. Kwa hiyo ule mpaka mkali uliowekwa baadaye baina ya "bunilizi" na "maandishi ya ukweli" haukuchorwa na msamiati wa Kiswahili. Kwa kiasi kikubwa ulitokana na katalogi za wachapishaji na maktaba.

Mwaka wa 1929 ulikuwa wa mavuno makubwa kwa tafsiri. Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa ili kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, alitoa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Akishirikiana na E. W. Brenn alitoa pia visa vya Alfu Lela Ulela. Vitabu hivi vimelaumiwa, na kwa haki, kwamba vilipandikiza katika akili za vijana mambo ya kigeni kwa sarufi iliyopigwa randa na kamati. Jambo moja halijaangaliwa vya kutosha. Kitabu cha Rider Haggard, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1885, ni ubuni uliovaa kanzu ya habari: kina ramani, kina msimulizi anayejitambulisha kuwa mwindaji wa kweli, na kina maelezo ya njia na umbali. Je, kijana wa shule aliyekisoma kwa Kiswahili bila kuambiwa chochote kuhusu mwandishi wake, angejuaje kuwa mashimo yale hayako mahali fulani kusini mwa bara lake mwenyewe? Somo la jiografia lilimpa mito na milima ya Afrika kwa sauti ileile.

Miaka mitano baadaye ilitokea hali ya kinyume. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka wa 1934, kinasimulia kukamatwa kwa watu bara, kusafirishwa kwao, kuokolewa kwao na meli za Waingereza, na maisha yao mapya katika makazi ya Freretown, karibu na Mombasa. Mwandishi alikuwa mwana wa mmoja wao. Hii ni habari, tena habari ya nyumbani mwake, lakini mara nyingi imeandikwa kuwa ndiyo riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Wahakiki waliokipokea kama riwaya walikilaumu kwa kuwa wahusika wake hawakui na sifa zake kwa Waingereza hazina kiasi. Lawama ya pili ni ya haki. Ya kwanza inakidai kitabu deni ambalo hakikukopa. Mtu anayeeleza yaliyompata baba yake hana wajibu wa kumkuza baba huyo kwa kanuni za usanii, ila ana wajibu wa kueleza alilolisikia. Kinachostahili kuhojiwa ni alichokinyamazia: kazi, nidhamu na utii waliotakiwa wahuru katika makazi ya misheni.

Utungo uliofaa zaidi kusomwa sambamba na Mashimo ulikuwa mbali na mikono ya Waswahili. Mwaka wa 1896 Salim bin Abakari alisafiri na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, akaieleza safari hiyo kwa Kiswahili. Hapa Mwafrika ndiye anayetazama nchi ngeni, watu wake, vyakula vyao na baridi yao, na kuhukumu. Maelezo yake yalichapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka wa 1901, katika Safari za Wasuaheli. Maisha ya Tippu Tip nayo yalitolewa Ujerumani na Heinrich Brode mwaka wa 1902 na 1903. Kitabu cha pili kilirudi Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa juhudi za W. H. Whiteley. Sehemu ya safari hizo ilirudi mwaka wa 1965 katika mkusanyo wa Lyndon Harries. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, nathari bora ya Waswahili wenyewe ilisomwa na wanafunzi wa lugha wa Ulaya, huku mtoto wa Kiswahili akisoma habari za maharamia wa Stevenson.

Shaaban Robert hakukubali kuchagua upande. Maisha Yangu kilitoka mwaka wa 1949, Kusadikika mwaka wa 1951, Adili na Nduguze mwaka wa 1952. Wasifu wa Siti binti Saad ulitoka mwaka wa 1958, ukiwa nyongeza ya jarida la wanaisimu, na haukupata kuwa kitabu cha msomaji wa kawaida hadi mwaka wa 1967. Somo lake la haki ni lilelile, liwe katika nchi isiyokuwako au katika maisha ya mwimbaji aliyetoka shamba. Hata hivyo Kusadikika kimeandikiwa makala tele, na Wasifu machache. Historia, Mila na Desturi za Wagogo cha Mathias Mnyampala, cha mwaka wa 1954, kimeachiwa wanaanthropolojia kabisa, ingawa mtungaji wake ni mshairi.

Kisha, kutokana na shindano la uandishi la Bureau la mwaka wa 1957 na 1958, ukapatikana Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliochapishwa mwaka wa 1960. Hiki ni kitabu cha kubuni, na hakijifichi. Maiti imeonekana penye mzimu, na watu wana hadithi yao tayari ya kuieleza. Bwana Msa anaisikiliza, anawasha kiko chake, na kuanza kutafuta habari.