Unataka kupanda cheo Zimamoto? Haya ndiyo masomo ya kuyajua

Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic wilayani Kyerwa liliungua. Wanafunzi 10 walipoteza maisha. Kwa watu wa Kaisho na Karagwe, hiyo siyo habari ya mbali, ni ya nyumbani.

Tukio kama lile linaonesha kuwa kazi ya zimamoto siyo kumwaga maji tu. Kuna anayekagua bweni kabla halijaungua, anayeongoza uokoaji, na anayetafuta chanzo moto ukishazimwa. Kazi hizo zinahitaji shule. Kama wewe ni askari unayetaka kusonga mbele, au kijana unayetaka kuanza, soma hapa.

Pa kuanzia

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linasimamiwa na Sheria ya mwaka 2007, Sura ya 427, na lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Zamani huduma hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri.

Mafunzo ya askari hutolewa kwenye chuo cha Jeshi kilichopo Chogo, Handeni, mkoani Tanga. Hapo ndipo raia anageuzwa kuwa askari: kwata, nidhamu, kuzima moto, kuokoa na huduma ya kwanza.

Kagera wanakumbuka ajali ya ndege ya Precision Air iliyoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, Novemba 6, 2022. Ndani walikuwemo watu 43, na 19 walifariki. Baada ya ajali hiyo, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza mvuvi Majaliwa Jackson, aliyesaidia uokoaji, achukuliwe na Jeshi na apewe mafunzo. Ujasiri alikuwa nao tayari, lakini bado ilibidi aende darasani.

Sayansi ya moto ni nini hasa?

Ni somo la moto unavyozaliwa, unavyokua na unavyokufa. Mambo makuu ni haya:

- Pembetatu ya moto. Moto unahitaji joto, oksijeni na kitu cha kuungua. Ondoa kimoja, umeuzima.
- Madaraja ya moto. Moto wa mbao na magodoro siyo sawa na wa petroli, gesi au mafuta ya kupikia. Ukimwagia maji sufuria ya mafuta yanayowaka, unausambaza. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke inafika karibu lita 1,700, na mvuke huo unarusha mafuta kila upande.
- Moto ndani ya chumba. Hewa moto hujikusanya chini ya dari. Ikifika kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, vitu vyote chumbani vinaweza kushika moto kwa mara moja. Askari asiyezijua dalili hizo anaingia na hatoki.
- Moshi. Wengi huuawa na moshi kabla moto haujawafikia. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu.
- Maji na pampu. Ni hesabu za presha, urefu wa mpira na kiasi cha maji. Pale ambapo hakuna bomba la karibu, hesabu hizi ndizo zinazoamua kama maji ya gari yatatosha.
- Majengo. Milango inafungukia upande gani? Madirisha yana nondo? Njia za kutokea ni ngapi? Kwa mabweni, haya ni maswali ya uhai.
- Uchunguzi. Kusoma majivu, nyaya na alama za ukutani ili kujua moto ulianzia wapi.

Ngazi zilivyo

Vyeo vya chini huanzia konstebo, kisha koplo, sajenti na kuendelea. Juu yao kuna maofisa: wakaguzi, warakibu, hadi makamishna. Anayeongoza Jeshi zima ni Kamishna Jenerali.

Cheti peke yake hakikupandishi cheo. Muda wa utumishi, nidhamu, kozi za uongozi na uwepo wa nafasi vyote vinaangaliwa. Lakini nafasi ikitokea, mwenye elimu anakuwa na cha kuonesha.

Kusoma ukiwa kazini

Siyo lazima uache kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinafundisha kwa masafa na kina kituo Bukoba. Chuo Kikuu Ardhi kina kituo cha mafunzo ya maafa. Uhandisi wa ujenzi, umeme au kemia nao unaingia vizuri kwenye ukaguzi na uchunguzi.

Kwa kimataifa, taasisi ya Institution of Fire Engineers ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1918, inatoa mitihani ya sayansi ya moto kwa ngazi tofauti. Mtu anaweza kujisomea mwenyewe kisha akafanya mtihani.

Kabla hujalipa ada

1. Omba ruhusa ya mkuu wako kwa maandishi.
2. Hakikisha chuo kinatambuliwa: NACTVET kwa cheti na diploma, TCU kwa shahada.
3. Chagua somo linaloendana na kazi unayoitaka, iwe ukaguzi, uokoaji au uchunguzi.
4. Usipuuze fizikia, kemia na hesabu. Sayansi ya moto imesimama hapo. Hili liwahusu hasa nyie mlio sekondari.

Kwa nini lituhusu sisi

Kyerwa ipo mbali na Bukoba, na moto hausubiri gari lifike. Ofisa aliyesoma anaweza kutembelea shule leo, akaagiza nondo zitolewe dirishani na mlango wa pili ufunguliwe. Kazi hiyo haipigwi picha wala haitangazwi, ila watoto wanalala salama.

Ukiona moto, piga 114. Ni bure.