Soka ya wasichana Kilifi na njia ya kulipwa

Shirika la Moving the Goalposts lilianzishwa mjini Kilifi mwaka 2001 ili kuwapa wasichana nafasi ya kucheza kandanda. Nafasi hiyo ilikuwa finyu: baada ya masomo mvulana alikwenda uwanjani, na dada yake akaenda kuchota maji na kutafuta kuni.

Wasichana hawakufunzwa kupiga mpira tu. Walijifunza ukocha, urefa, huduma ya kwanza na uendeshaji wa ligi, wakajadiliana pia kuhusu afya, mimba za mapema na haki ya kubaki shuleni.

Kulipwa kwa ajili ya kucheza kulikuwa jambo jingine. Mkenya aliyefungua njia ni Doreen Nabwire wa Nairobi, aliyechezea Werder Bremen na FC Köln za Ujerumani. Mwaka 2016 Harambee Starlets ilishiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Kameruni. Ilishindwa mechi zote tatu za kundi, lakini Esse Akida aliifungia bao dhidi ya Ghana. Mwaka 2018 alijiunga na Ramat HaSharon ya Israeli. Baadaye akachezea Beşiktaş ya Uturuki na PAOK ya Ugiriki.

Wote wawili waliipata kandarasi ng'ambo. Kwa msichana asiyeondoka Kilifi, ukocha na urefa ndio ujuzi wa mpira unaobaki mkononi mwake baada ya miguu kuchoka.