Rasta ni ya Saluni

Mtu akiingia duka la uchapaji pale Musoma mjini akaomba "faili rasta", ataelekezwa saluni ya jirani. Rasta, kwa kila msusi kuanzia Buswahili hadi Bunda, ni nywele za kusukia. Hilo halikuizuia kamati moja, ambayo kwa heshima siitaji, kutuandikia "picha rasta" kwa raster image ya kompyuta, "picha vekta" kwa vector image, na kufunga kikao.

Asili ya neno hawakuigusa. Ni Kilatini, rastrum, yaani reki, kutoka kitenzi cha kukwaruza. Wanakili wa muziki waliita hivyo kalamu yenye ncha tano, iliyochora mistari mitano kwa mkupuo mmoja. Wajerumani wakauita Raster ule wavu wa mistari uliovunja picha kuwa vitone ili ichapike gazetini. Kisha televisheni ikalirithi jina, maana picha yake ilichorwa mstari kwa mstari, kama uwanja unaopigwa reki. Vector naye ni mchukuzi, aliyepewa maana yake ya kihisabati na Hamilton wa Ireland miaka ya 1840. Sasa katika "rasta" reki iko wapi?

Mimi nilipendekeza mapema, kwa maandishi, picha ya punje na picha ya uzi. Anayetaka ushahidi ashuke mwaloni. Dagaa walioanikwa mchangani, ukiwatazama kutoka barabarani, ni shuka moja ya fedha. Inama, ni dagaa mmoja mmoja, na mchanga katikati. Ndiyo punje. Uzi ni wa mwashi: anapigilia vigingi viwili, anavuta. Akikisogeza kigingi mita kumi, anavuta tena, na uzi umenyooka vilevile. Kompyuta nayo hukumbuka vigingi tu. Bwana mmoja mwenye shahada nyingi alinijibu kwamba uzi haujipindi. Sijui kama amewahi kushika wavu.

Matumizi? Picha ya kamera ni punje, iwe JPEG; nembo ni uzi, iwe SVG. PDF hubeba zote mbili.

Juzi bango la timu ya vijana wa mtaani kwetu limechapwa kutoka nembo ndogo iliyotumwa kwa WhatsApp, na sangara wake ametoka na ngazi mgongoni. Kijana wa dukani akaniuliza kama hatuna "ile ya uzi". Neno alilisikia kwangu wiki iliyotangulia, nakiri. Lakini la kamati alikwisha kulisahau.