Skrini nyeusi katika Linux: Chunguza draiva kabla ya kufuta diski

KOMPYUTA inawaka, feni inazunguka, lakini skrini inabaki nyeusi mara baada ya mfumo endeshi wa Linux kusasishwa. Baadhi ya watumiaji hudhani mashine imekufa, wakafuta diski nzima ili waanze upya, na hivyo kupoteza hesabu za biashara, picha na tasnifu ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Jambo la kwanza kuangalia ni nembo ya mtengenezaji. Ikiwa haionekani hata kompyuta inapoanza kuwaka, kasoro huenda ipo kwenye waya, kioo au kadi ya grafiki. Ikionekana, kisha giza likafuata, wa kushukiwa ni draiva ya grafiki, yaani programu iliyo mkalimani kati ya kadi hiyo na kiini cha mfumo, kiitwacho kerneli.

Linux, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Linus Torvalds mwaka 1991, hubeba draiva nyingi ndani ya kerneli yenyewe, zikiwamo i915 kwa kadi za Intel na amdgpu kwa kadi za AMD. Hata hivyo, draiva inayotolewa na kampuni ya NVIDIA huwekwa kando, na lazima iandaliwe upya kulingana na kila toleo la kerneli. Maandalizi hayo yakishindikana, kerneli mpya hukosa draiva inayolingana nayo.

Tiba ya awali ni kurejea kwenye kerneli iliyotangulia, ambayo mifumo kama Ubuntu huihifadhi. Mtumiaji abonyeze Esc kompyuta inapowaka, au Shift katika mashine za zamani, ili menyu ya GRUB ijitokeze, kisha achague toleo hilo. Mfumo ukifunguka vizuri, ni dalili kwamba kadi ni nzima na tatizo limeletwa na toleo jipya.

Ikishindikana, abonyeze herufi e katika menyu hiyo, atafute mstari unaoanza na neno linux, aandike nomodeset mwishoni mwake, kisha abonyeze Ctrl na X kwa pamoja. Neno hilo huizuia kerneli kuipanga skrini kupitia draiva ya grafiki. Picha itakuwa duni, lakini mafaili yataweza kunakiliwa. Badiliko hilo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu.

Baada ya kuingia, amri lspci -k huonyesha draiva inayotumiwa na kila kadi, na journalctl -k -b -1 huonyesha ujumbe wa kerneli wa uwashaji uliotangulia, iwapo kumbukumbu zake zilihifadhiwa. Ujumbe unaolalamikia faili la fimwea humaanisha kifurushi cha linux-firmware kinahitaji kusasishwa. Ukiwa na neno rejected kuhusu draiva, yaelekea ulinzi wa Secure Boot umeikataa kwa kukosa sahihi inayotambulika.

Chanzo kikishajulikana, draiva isakinishwe upya ili ilingane na kerneli iliyopo. Aidha, kerneli ya zamani isiondolewe mpaka mpya ithibitike kufanya kazi, kwani ndiyo njia ya kurudi endapo giza litaingia tena.