Mifuko ya barua ya Jim Button: pesa za mtandaoni kabla ya mtandao



Haipiti wiki bila mtu kuniuliza: "Wewe ni mtu wa kompyuta. Niambie, nifanye nini niwe napata pesa mtandaoni hata nikiwa nimelala?" Mara nyingi mwulizaji ameshalipia darasa fulani la kutajirika, na ameshaona kwamba aliyetajirika ni mwalimu.

Leo sina orodha ya njia kumi. Nina kisa cha watu watatu wa Marekani waliofanya jambo hili mwaka 1982 na 1983, wakati hakukuwa na wavuti wala M-Pesa. Nakisimulia kwa sababu mimi mwenyewe nina uamuzi wa kufanya, nami nitautaja mwishoni.

Kompyuta ya IBM PC ilitolewa Agosti 1981. Programu zake ziliuzwa madukani, ndani ya maboksi, kwa bei ya kutisha. dBase II, iliyotumika kuhifadhi kumbukumbu, iliuzwa dola 695. Mtu wa kawaida alinunua kompyuta kisha akakosa pesa za kuilisha.

Katika mji wa Bellevue, jimbo la Washington, kulikuwa na mwajiriwa wa IBM aitwaye Jim Knopf. Kwa Kijerumani, Knopf ni kifungo cha nguo, ndiyo maana kibiashara alijiita Jim Button. Alikuwa ametengeneza programu ndogo ya kuchapisha anwani za waumini wa kanisa. Akaipanua, akaihamishia kwenye IBM PC, akawagawia wenzake kazini. Nao wakawagawia wenzao.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kila aliporekebisha kosa au kuongeza kitu, hakujua ni nani wa kumpelekea toleo jipya, wala ni nani anayeitumia kweli na nani aliyeichukua tu. Kutuma flopi kwa posta kulimgharimu pesa. Akaweka ujumbe ndani ya programu: endelea kuitumia na kuwagawia wengine, lakini ukiona inakufaa, nitumie dola 10. Mkewe alimwona mjinga kudhani kwamba mtu atatuma pesa bila kulazimishwa.

Wakati huohuo, huko California, Andrew Fluegelman, wakili aliyegeuka mhariri, alikuwa ameandika programu ya kutuma faili kwa njia ya simu, PC-Talk. Yeye aliiga vituo vya televisheni vya umma, ambavyo huonyesha vipindi bure na kuwaomba watazamaji wachangie. Aliomba dola 25. Mtumiaji mmoja aliyepata programu zote mbili akawafahamisha kwamba mawazo yao yanafanana. Badala ya kugombana, waliwasiliana na kukubaliana kila mmoja aitaje programu ya mwenzake. Knopf akabadilisha jina la yake kuwa PC-File, ilingane na PC-Talk, na bei ikapanda hadi dola 25.

Wa tatu ni Bob Wallace, mmoja wa waajiriwa wa kwanza kabisa wa Microsoft. Alitoka huko mwaka 1983 akaanza kuuza PC-Write, programu ya kuandikia. Ndiye aliyelieneza jina sheawea, yaani programu unayojaribu kwanza na kulipa baadaye. Aliongeza hila moja nzuri: kila nakala iliyosajiliwa kwa dola 75 ilikuwa na nambari yake. Ukimgawia jirani naye akalipa, wewe ulipata dola 25. Wanaotangaza bidhaa za watu leo kwa viungo vya kamisheni wanapita njia aliyoilima Wallace kwa flopi.

Turudi kwa Knopf. Mwaka 1983 jarida la PC World liliisifu PC-File wakati yeye na familia yake wakiwa likizoni Hawaii. Waliporudi walikuta mifuko ya barua imejaa kwenye chumba cha chini cha nyumba. Hizo ndizo pesa za kuingia ukiwa umelala, nazo zilikuja kweli.

Lakini tazama kilichotangulia na kilichofuata. Kabla ya mifuko ile kulikuwa na jioni nyingi za kuandika msimbo baada ya kazi na kutuma flopi moja moja. Baada yake, kila bahasha ilikuwa na mtu mwenye swali: printa yangu haikubali, nifanyeje? Knopf alijibu barua hizo na bado asubuhi akaenda IBM. Hakuacha kazi dola ya kwanza ilipoingia, wala mifuko ilipojaa. Aliacha mwaka 1984, programu ilipokuwa ikimwingizia takriban mara kumi ya mshahara wake.

Mimi naona hapo ndipo siri ya subira yake. Mshahara ulimlipia nyumba, kwa hiyo programu haikulazimika kumlisha kabla haijakomaa. Mtu mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa tarehe tano hawezi kungoja miaka miwili, hata awe na moyo wa chuma. Tunapenda kusema subira huvuta heri. Ni kweli, ila subira nayo ina gharama, na lazima mtu ailipe.

Subira pia haina dhamana. Fluegelman alitoweka Julai 1985, gari lake likapatikana karibu na daraja la Golden Gate. Na baada ya Windows 3.0 kutoka mwaka 1990, soko la programu za DOS lilianza kukauka. Knopf aliyekuwa ameajiri watu zaidi ya 30 aliiuza programu yake na kustaafu mwanzoni mwa miaka hiyo. Mapato "ya kujiendesha" yalijiendesha kwa muda aliokuwa akiyasukuma.

Sisi huku tulichelewa kwa sababu nyingine. Hadi kebo ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya juu. AdSense ya Google ilikuwepo tangu 2003, lakini ilikubidi ufikishe dola 100 kabla ya kulipwa, na kwa blogu ndogo hizo zilikuwa senti za miezi mingi. Haba na haba, kibaba kikijaa kwa taabu.

Sasa uamuzi wangu. Nina programu ndogo ya kuweka hesabu za chama. Mwaka wa kwanza ililipiwa na vyama vinne, kimojawapo cha mama yangu. Leo ni vyama 31, na pesa zake zinalipa umeme na intaneti, basi. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika mara mbili.

Nimeifuta tena. Nitaendelea kwenda kazini, na jioni nitajibu maswali ya waweka hazina. Jana usiku mmoja ameniuliza kwa nini faini za kuchelewa zinahesabiwa mara mbili. Ni kosa langu, na bado sijalirekebisha.

Tuonane wiki ijayo.