Mausi ilivyokonda, na sisi wenye viganja vya kubebea magunia

Wiki hii ni test juu ya test lakini ngoja niiandike hii kabla haijanitoka kichwani. Kuna ishu imezuka hapa hosteli: kwa nini karibu kila mausi isiyo na waya unayoikuta madukani ni kama imetengenezewa mtoto wa chekechea? Vijana wa gemu wanalalamika kila siku. Mie mwalimu mtarajiwa wa historia, basi jibu langu ni la historia, mnivumilie.

Mausi ya kwanza duniani haikuwa ndogo hata kidogo. Ilikuwa ya mbao! Wazo la Douglas Engelbart, aliyeitengeneza ni Bill English, mwaka 1964 pale Stanford Research Institute, California. Kisanduku cha mbao, magurudumu mawili chini, kitufe kimoja juu. Wakaionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, hataza ikatoka 1970, na Engelbart mwenyewe hakupata mrabaha. Inauma eti.

Sasa sikia hii. Mwaka 1973 kampuni ya Xerox ikatoa kompyuta iitwayo Alto, yenye mausi na picha kwenye kioo. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, reli ya TAZARA ikafika Tunduma kwetu (enzi hizo tukiwa Mbeya, mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016). Wenzetu wanasukuma mausi, sisi tunalaza mataruma. Halafu 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Fedha kuleta hasara. Binafsi siwalaumu sana, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu na reli ilibeba shaba, si michezo. Ila ndiyo maana mausi ilipotufikia kwa wingi tulikuta wenzetu wameshaamua umbo lake, sisi hatukuulizwa ukubwa wa kiganja.

Na umbo lilishapita mengi. Mwaka 1984 Macintosh iliipeleka mausi majumbani, ile ya kampira chini kanakobeba uchafu wote wa meza. Mwaka 1999 Microsoft wakatoa IntelliMouse Explorer: kubwa, imebinuka mgongoni, taa badala ya kampira. Kwangu mimi hiyo ndiyo bibi wa mausi zote za wenye mikono mikubwa. Razer wakafuata na DeathAdder mwaka 2006. Kilichoharibu mambo ni laptopu. Watu wakataka kitu cha kutumbukiza begini, mausi ikakonda. Ile Logitech M185 iliyozagaa kila mahali ina urefu wa sentimita 9.9 tu. Jamaa mmoja hapa, mtu wa Tunduma, tumempima kwa rula kutoka mkunjo wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati: sentimita 21! Akiishika hiyo, kidole kidogo kinaburuzika mezani na kiganja kinaning'inia hewani. Lisaa limoja tu mkono umekaza.

Kuondoa waya nako kulikuwa na vita yake. Logitech walitoa mausi ya mawimbi ya redio mwaka 1991, lakini wacheza gemu waliikwepa miaka mingi kwa sababu betri ni nzito na mwendo unachelewa. Mausi ya kawaida hutuma taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Ya gemu mara 1,000, kila milisekunde 1. Ukiwa unalenga adui, hizo 7 zinakuua. Logitech G7 ya 2005 ilikuja na betri mbili za kubadilishana, moja ikichaji. Mambo yalitulia kweli 2018 ilipotoka G Pro Wireless ya gramu 80, na 2022 DeathAdder V3 Pro ikashuka mpaka gramu 63 huku ikibaki na urefu wa sentimita 12.8. Yaani uzito umeshuka, mwili haujapungua. Hapo ndipo historia ilipotukumbuka.

Wacheza gemu wana kanuni yao ya kukadiria: urefu wa mausi uwe kama asilimia 60 ya mkono. Sentimita 21 inakupa 12.6. Kwa hiyo DeathAdder inamtosha jamaa yetu. G502 Lightspeed ya 2019 nayo ina sentimita 13.2 na pa kuegesha dole gumba, ila ni gramu 114, sawa kwa anayelaza kiganja chote, si kwa anayeshika kwa ncha za vidole. Angalia na mgongo: ukiwa chini ya sentimita 4 kiganja kikubwa hakipati pa kulala.

Na kama unanunua iliyotumika, iwe pale Tunduma mjini, Vwawa au umevuka Nakonde, kwanza ulizia kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Bila chenyewe, nyingi ya hizo mausi za gemu haziwezi kutumika bila waya.